Mume Anapovunja Amri ya Mahakama: Hatua za Kuchukua Tarime na Serengeti

Amri ya mahakama inayomkataza mume kumsogelea au kumsumbua mkewe hupimwa siku inapovunjwa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, siku hiyo huja kwa sura nyingi. Mume anagonga mlango usiku akiwa amelewa, au anamtuma mdogo wake akawachukue watoto shuleni. Mwingine anaswaga kuelekea mnadani ng'ombe aliokatazwa kuwauza. Yapo pia makosa ya kimyakimya: simu inayopigwa mara kumi kwa usiku mmoja, au wazee wanaotumwa na maneno ya upole yenye vitisho ndani yake. Yote hayo yanaweza kuwa uvunjaji wa amri, na hatua za kuchukua zinategemea kwanza aina ya karatasi aliyonayo mwanamke.

Tanzania Bara haina sheria moja mahususi ya ukatili wa nyumbani. Kenya ilitunga yake mwaka 2015 na Uganda mwaka 2010, na katika nchi hizo mtu huomba mahakamani amri ya ulinzi inayojulikana kwa jina hilo. Huku Mara ulinzi hutoka katika sheria kadhaa, kila moja ikiwa na jina lake na adhabu yake. Wanawake wengi huambiwa tu kwamba mume amekatazwa, bila kuelezwa amekatazwa na nani wala kwa sheria ipi. Ndiyo maana siku ya shida hujikuta wakizungushwa kati ya ofisi ya kijiji, kituo cha polisi na mahakama.

Msingi wa yote ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Maneno hayo yanamlinda mke na mume sawasawa. Sheria hiyohiyo inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu asijilazimishe kwa mwenza wake na asimsumbue, wakati shauri la ndoa likiendelea au baada ya amri ya kutengana au talaka. Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, kama ilivyo kwa Mahakama ya Wilaya ya Tarime na ile ya Serengeti iliyoko Mugumu. Mwanamke wa kijijini halazimiki kufika Musoma kutafuta amri ya namna hii.

Aina ya pili ni dhamana ya kutunza amani. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hakimu akiarifiwa kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita ajieleze, kisha akamtaka asaini dhamana, pamoja na wadhamini au bila wao, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Aina ya tatu ni masharti ya dhamana ya kawaida: mume ameshtakiwa kwa kumpiga mkewe, ameachiwa kwa dhamana, na mahakama imempa sharti la kukaa mahali fulani au kutomkaribia mlalamikaji. Ipo pia amri ya zuio la muda ya Mahakama ya Wilaya, ambayo mara nyingi huhusu mali.

Halafu yapo makaratasi ambayo si amri kabisa, nayo ndiyo mengi kuliko yote. Mume anaitwa ofisi ya mtendaji wa kata, au mbele ya wazee wa ukoo, au hata kituoni, anaandika kwamba hatampiga tena mkewe, anatia dole gumba na watu wanatawanyika. Karatasi hiyo ina faida moja kubwa: inathibitisha kwamba ugomvi ulikuwepo na kwamba mume alikiri. Lakini akiivunja, hajavunja amri ya mahakama. Kipigo kipya kitashtakiwa kama kipigo, na mwanamke atakuwa anaanza upya njia ya kwenda kwa hakimu. Kumwambia mwanamke aliyepigwa mara tatu kwamba karatasi ya kata inamtosha ni kumwacha bila ulinzi.

Amri ikitolewa, mambo mawili hufanywa mapema, kabla haijavunjwa. La kwanza ni kuhakikisha mume ameipata au alikuwepo iliposomwa. Mahakama haimwadhibu mtu kwa amri ambayo hakuijua, kwa hiyo sahihi yake ya kupokea nakala, au kumbukumbu kwamba alisimama mbele ya hakimu siku ile, ni kitu cha kutunza. La pili ni nakala zenye mhuri. Moja ibaki na mwanamke, nyingine iende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nyingine kwa mtendaji wa kata, na kama watoto wanasoma, mwalimu mkuu naye aipate. Mtendaji wa kata ni mlinzi wa amani kisheria, na mwalimu aliyeiona amri hawezi kudanganywa kwa urahisi na baba mdogo aliyetumwa kuwachukua watoto. Nyumba za nyasi huungua na masanduku huvunjwa, hivyo ni busara nakala ya mwanamke mwenyewe isilale katika nyumba ambayo mume anaweza kuingia.

Amri inapovunjwa, jambo la kwanza ni uhai. Katika maboma mengi ya Wakurya, wenyeji wa eneo hili, nyumba za wake, za mama mkwe na za mashemeji zimo ndani ya uzio mmoja, na mwanamke aliyepewa amri dhidi ya mumewe anaweza kuwa bado anaishi hatua chache kutoka kwa ndugu za mume huyo. Kubishana mlangoni na mtu mwenye panga ili kumwonyesha karatasi ya mahakama ni hatari isiyo na faida. Kinachofaa ni kuondoka, kupiga yowe, kukimbilia kwa jirani au kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kupiga namba ya dharura ya polisi, 112. Majirani waliofika usiku ule watakuwa mashahidi baadaye. Muda unaofuata mwanamke kuondoka kwa mumewe ndio wakati wa hatari zaidi, jambo ambalo watafiti wa nchi nyingi wamelithibitisha. Anayejua kwamba mumewe anaizunguka amri aamue mapema atapita njia ipi, watoto atawaweka kwa nani, na kitambulisho, kadi za kliniki na cheti cha ndoa viko wapi.

Polisi ndiyo hatua inayofuata, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Tarime, pamoja na jirani yake Rorya, iko chini ya Mkoa wa Kipolisi Tarime/Rorya, uliotengwa na Mkoa wa Mara kwa sababu za kiusalama, wakati Serengeti inahudumiwa na polisi wa Mara. Kwa mlalamikaji tofauti hiyo haina uzito hadi anapotaka kupeleka malalamiko kwa wakubwa, ambapo wa Tarime huenda kwa kamanda mmoja na wa Mugumu kwa mwingine. Kituoni mwanamke aombe kuonana na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, aonyeshe amri, aandikishe maelezo na asiondoke bila namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo. Maelezo yaseme wazi kwamba kuna amri, imetolewa na mahakama gani na tarehe gani, na mume amefanya nini kinyume chake. Askari akiandika tu kwamba ni ugomvi wa mke na mume, uvunjaji wa amri unapotea ndani ya jalada.

Aliyeumizwa hupewa fomu ya polisi namba tatu, PF3, ambayo mganga huijaza baada ya kumpima. Mtu anayevuja damu apelekwe moja kwa moja hospitali au kituo cha afya, na fomu ifuatwe na ndugu wakati anatibiwa. Majeraha ya ndani, maumivu ya kichwa baada ya kugongwa, mimba iliyopo na kulazimishwa tendo la ndoa vyote vitajwe kwa mganga, kwa sababu hati hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani miezi kadhaa baadaye, alama za mwilini zikiwa zimekwisha kufutika.

Hapa ndipo wengi huishia, na ndipo kosa kubwa hutokea. Polisi watashughulikia kosa jipya: shambulio, vitisho, uharibifu wa mali. Lakini amri ilitolewa na mahakama, na mahakama haitajua imevunjwa isipoambiwa. Mwanamke anapaswa kurudi kwa karani wa mahakama ileile akiwa na namba ya shauri lake. Katika Mahakama ya Mwanzo malalamiko yanaweza kuelezwa kwa mdomo yakaandikwa pale pale. Katika Mahakama ya Wilaya huletwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo, na hapo msaada wa mwanasheria au msaidizi wa kisheria unahitajika. Hakimu atamwita mume, atasikiliza pande zote mbili, na atataka kuridhika kwamba amri ilikuwa wazi, mume aliijua, na aliivunja.

Adhabu hutegemea aina ya amri. Aliyekaidi zuio la muda la Mahakama ya Wilaya anaweza kukamatiwa mali na kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6, kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu kukaidi amri halali ya mahakama kuwa kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2 pale ambapo hakuna adhabu nyingine iliyowekwa mahususi. Aliyekiuka masharti ya dhamana anaweza kufutiwa dhamana na kurudishwa mahabusu mpaka kesi iishe. Hatua hii ya mwisho huwa ya haraka kuliko zote: mwanamke anamweleza mwendesha mashtaka, naye anaiomba mahakama.

Dhamana ya kutunza amani ina nguvu ya pekee katika eneo hili, nguvu isiyozungumzwa vya kutosha. Ikivunjwa, fedha iliyotajwa hudaiwa, na wadhamini nao hudaiwa. Mdhamini kwa kawaida huwa kaka wa mume, baba yake mdogo au rafiki wa rika lake, mtu mwenye ng'ombe wake zizini. Uzito wa ukoo ambao mara nyingi humsukuma mwanamke arudi kwa mumewe, hapa humgeukia mume. Shemeji anayejua kwamba ng'ombe wake wako hatarini humzuia ndugu yake kabla hajafika mlangoni. Kwa mwanamke ambaye bado hajafungua shauri la ndoa, na ambaye hofu yake kubwa ni kipigo cha kesho, dhamana yenye wadhamini inaweza kumfaa kuliko amri nyingine ambayo ingechukua miezi kuipata.

Ushahidi wa uvunjaji hukusanywa kidogo kidogo. Ujumbe wa simu usifutwe hata kama unachoma moyo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani kama ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inamwadhibu anayetuma ujumbe kwa nia ya kutisha au kunyanyasa. Kilicho bora ni kuitunza simu yenyewe yenye ujumbe huo. Daftari la shule lenye tarehe, saa, mahali na jina la aliyeshuhudia linafanya kazi kubwa. Asiyejua kusoma amwombe mwanawe mkubwa au jirani amwandikie siku hiyohiyo. Wapo wanaoamini kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Si kweli kwa kesi za namna hii: Sheria ya Ushahidi inamruhusu, na hata kumlazimisha, mke kutoa ushahidi pale mume anaposhtakiwa kwa jambo lililomdhuru yeye, watoto au mali yake.

Kikwazo kikubwa zaidi Tarime na Serengeti kiko nje ya mahakama. Binti wa Kikurya huolewa kwa ng'ombe, na mara nyingi ng'ombe hao hao humwoza kaka yake. Mwanamke anapokimbilia kwao na alama za fimbo mgongoni, anaikuta nyumba ambayo kurudi kwake kunatishia ndoa nyingine: wakwe wakidai mifugo yao, kaka atalipa na nini? Ndiyo maana mara nyingine wanaomshika mkono na kumrudisha ni ndugu zake mwenyewe, na mama yake akilia kimya jikoni. Wengi wao si watu wabaya, wamebanwa na deni. Lakini Sheria ya Ndoa haikuweka popote sharti kwamba mahari irudishwe ndipo mahakama itoe amri ya kutengana au ya kuzuia usumbufu. Madai ya mahari ni shauri lake, na usalama wa mwanamke hausubiri shauri hilo liishe. Wazazi wakielezwa hivyo na hakimu, afisa maendeleo ya jamii au msaidizi wa kisheria, hofu yao hupungua, na mwanamke hupata pa kulala.

Wazee nao wana nafasi yao. Ritongo, mkutano wa jadi wa Wakurya, umesuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo kwa vizazi vingi, na mzee anayeheshimiwa anaweza kumtuliza kijana ambaye polisi wameshindwa kumtuliza. Lakini hakuna kikao cha jadi, sungusungu wala baraza la kata lenye uwezo wa kufuta au kulegeza amri ya mahakama. Mume akitozwa mbuzi na pombe ya wazee kwa kuivunja, amri inabaki kama ilivyo na kosa linabaki kuwa kosa. Vivyo hivyo kwa maridhiano ya wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke akikubali mumewe aje kuwaona watoto Jumapili, amri haijafutika, ila mume atakuja kuitumia ruhusa hiyo kama kisingizio mbele ya hakimu. Anayetaka masharti yabadilike aende aliyeyaweka ayabadilishe kwa maandishi.

Shinikizo la kufuta kesi huja mapema, na hutoka kwa kila upande. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mlalamikaji hana mamlaka ya kuifuta kwa kusema amesamehe. Sheria inaruhusu mahakama kusaidia upatanisho katika shambulio dogo na makosa mepesi ya kibinafsi, lakini haikukusudia hivyo kwa majeraha makubwa. Askari akimtaka mwanamke ayamalize nyumbani licha ya kuonyeshwa amri, malalamiko yaende kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Akidai fedha ili kumkamata mume, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113.

Swali la usuluhishi hujitokeza pia kwa wanaotaka kuachana kabisa. Kabla ya kuomba talaka, kwa kawaida shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mwanamke aliyepigwa huogopa kukalishwa kiti kimoja na aliyempiga. Sheria ina milango ya dharura. Baraza haliwi kizuizi pale mume alipoitwa akakataa kwa makusudi kufika, na mahakama inaweza kuliruka ikiridhika kwamba mazingira si ya kawaida na usuluhishi hauwezekani. Amri iliyovunjwa mara kwa mara, pamoja na PF3 na namba za RB, ni hoja nzito ya kuomba hivyo.

Wapo wanawake ambao ndoa yao yenyewe huhojiwa. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na watu kuwa mke na mume, sheria huwadhania kuwa wameoana, na wanaweza kudai haki zao. Ngumu zaidi ni hali ya walioolewa kwa nyumba ntobhu, desturi ya mwanamke mwenye mali, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, kumwoa mwanamke mwingine ili amzalie. Sheria ya Ndoa inatambua muungano wa mwanamume na mwanamke pekee, hivyo binti aliye ndani ya nyumba hiyo hana shauri la ndoa la kufungua. Akipigwa na mwanamume aliyechaguliwa kuzaa naye, au na bibi aliyemwoa, kinga yake iko katika sheria ya jinai: mashtaka ya shambulio, masharti ya dhamana na dhamana ya kutunza amani. Kinga hizo hazimuulizi mtu cheti cha ndoa.

Watoto na mali husahaulika katikati ya vurugu. Mume anayewachukua watoto kinyume cha amri aripotiwe polisi na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu ya bure ya watoto, 116, nayo inapokea taarifa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7, sheria huanza na dhana kwamba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na ofisi ya kijiji ikiarifiwa mapema itasita kushuhudia mauzo ya aina hiyo.

Kwa asiye na pa kwenda, Serengeti ina nyumba salama Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania lililoasisiwa na Rhobi Samwelly, na shirika hilo lina nyumba nyingine Kiabakari, wilayani Butiama. Nyumba hizo zinajulikana zaidi kwa kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba, lakini hupokea pia wanawake wanaokimbia vipigo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria vijijini, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri humwelekeza mtu kwa aliye karibu. Wao ndio humwandikia maombi asiyeweza kulipa wakili.

Mpaka wa Sirari huongeza ugumu. Mume akivuka kwenda Isebania na vijiji vya Wakurya wa upande wa Kenya, amri ya hakimu wa Tarime haimfuati huko, na askari wa Kenya hawezi kumkamata kwa karatasi hiyo peke yake. Hati ya kukamatwa iliyotolewa Tanzania humsubiri anaporudi, kwa hiyo mwanamke aombe itolewe hata kama mume hayupo. Mwanamke anayekimbilia kwa ndugu upande wa Kenya na kufuatwa huko aende kituo cha polisi cha huko na mahakama ya huko, ambako sheria ya Kenya ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi. Amri yake ya Tarime itakuwa ushahidi wa yaliyotangulia.

Hatimaye amri nyingi zina mwisho. Dhamana ya kutunza amani huisha ndani ya mwaka, masharti ya dhamana huisha na kesi, na zuio la muda huisha na shauri lililolizaa. Tarehe ya mwisho iandikwe juu ya nakala siku amri inapotolewa, na maombi mapya yapelekwe wiki kadhaa kabla, yakiambatana na orodha ya kila mara amri ilipovunjwa. Hakimu anayeona namba za RB tatu na PF3 moja ndani ya miezi 12 ana sababu ya kuweka masharti makali zaidi katika amri inayofuata.